Kushoto mpaka Moyale

Msomaji, twaa ramani ya Kenya uitandaze mbele yako, kisha uutafute mji wa Isiolo. Utauona karibu na katikati ya nchi, chini ya milima ya Nyambene, mahali ambapo ardhi ya mashamba inakoma na nchi kavu ya wafugaji inaanza. Kutoka hapo barabara moja kubwa inaelekea kaskazini. Inavuka mto wa Ewaso Ng'iro penye kijiji cha Archer's Post, inapita Merille na Laisamis, inapanda mlima wa Marsabit wenye msitu na ukungu, inashuka tena katika nchi tambarare ya mawe meusi, inapita Turbi, na mwisho, baada ya kilomita zipatazo 500, inafika Moyale, mpakani mwa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Mwendo wote huo dereva hushika mkono wa kushoto. Akiisha kuvuka mpaka, hana budi kuhamia mkono wa kuume. Mawe ni yale yale, jua ni lile lile, na hata watu hawakubadilika: Mborana wa upande huu ana mjomba wake upande wa pili, nao husalimiana kwa lugha moja. Lakini jambo ambalo hatua mia moja nyuma lilikuwa utii wa sheria, sasa ni kosa linaloweza kuua watu. Katika insha hii nataka tuulize ni nani aliyeamua hivyo, na kwa sababu gani. Tutalazimika kwenda mbali kidogo, mpaka katika barabara za vumbi za Pennsylvania na juu ya daraja moja jembamba la London, kabla ya kurudi Isiolo.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Sisi tusemao Kiswahili huuita mkono mmoja wa kulia, kwa kuwa ndio tuulao chakula, au wa kuume, kwa kuuhesabu kuwa ndio wenye nguvu. Ule mwingine twauita wa kushoto au wa kuke, nao hatumpi mtu kitu kwa mkono huo bila kumtaka radhi. Kwa hiyo mtu aweza kudhani kuwa taifa lililochagua kuume barabarani lilifanya hivyo kwa heshima, na lililochagua kushoto lilikosa adabu. Sivyo. Sheria ya barabara haikutokana na heshima wala dini. Ilitokana na farasi, mijeledi na magurudumu.

Tuanze na Uingereza. Mwaka 1756 ilitolewa sheria kwamba magari yote yapitayo juu ya Daraja la London yashike kushoto, maana daraja lilikuwa jembamba na msongamano ulikuwa mkubwa mno. Mwaka 1835 Bunge likaifanya desturi hiyo kuwa sheria ya barabara za England na Wales. Wako wasemao kwamba asili yake ni panga: mpanda farasi alipenda kumpisha mgeni upande wake wa kuume, ili akishambuliwa apate kuchomoa upanga kwa urahisi. Hadithi hiyo ni tamu, lakini mimi siitegemei sana. Wengi waliozitumia barabara za Uingereza walikuwa wakulima na wachuuzi, wala hawakuwa na panga. Sababu iliyo karibu zaidi na maisha yao ni ya mjeledi. Mwendeshaji wa gari la farasi la Kiingereza aliketi juu ya gari lenyewe, tena upande wa kuume wa kiti, ili mkono wake wa mjeledi uwe huru na mjeledi usinase katika mzigo ulio nyuma yake. Mtu aketiye kuume huona vizuri magurudumu ya upande wa kuume. Basi akikutana na mwenzake katika njia nyembamba, anataka mwenzake huyo apite upande anaouona, nayo maana yake ni kwamba yeye mwenyewe atashika kushoto.

Sasa tuvuke bahari. Katika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, wakulima wa karne ya kumi na nane walisafirisha ngano yao kwa magari makubwa mno yaliyoitwa Conestoga, yakivutwa na farasi wanne au sita waliofungwa wawili wawili. Gari hilo halikuwa na kiti cha mwendeshaji. Yeye alitembea kando yake, au alimpanda farasi wa nyuma wa upande wa kushoto, na kutoka hapo aliweza kuwafikia farasi wote kwa mkono wake wa kuume. Akiwa kushoto, aliyaona vizuri magurudumu ya kushoto, naye akataka mwenzake apite kushoto kwake. Kwa hiyo alishika kuume. Mwaka 1792 Pennsylvania ilitunga sheria ya kushika kuume katika barabara iendayo kutoka Philadelphia hadi Lancaster, na mwaka 1804 jimbo la New York likaagiza vivyo hivyo kwa barabara zake. Majimbo mengine yakafuata.

Waona, basi, kwamba Mwingereza na Mmarekani walikuwa wakifikiri jambo moja. Kila mmoja aliogopa magurudumu yasigongane, na kila mmoja alitaka kumwona vizuri yule anayempisha. Tofauti ilikuwa mahali alipokaa tu.

Ilipokuja motakaa, mambo hayakunyoka mara moja. Huko Marekani motakaa nyingi za mwanzo zilikuwa na usukani upande wa kuume, au hazikuwa hata na usukani wa mviringo bali fimbo iliyosimama katikati. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza gari lililoitwa Model T, nalo lilikuwa na usukani upande wa kushoto. Hoja ilikuwa wazi. Katika nchi ishikayo kuume, dereva aketiye kushoto yuko karibu na mstari wa katikati, aweza kuyaona magari yanayomjia, na abiria aliye kando yake hushuka penye ukingo wa barabara badala ya kushukia katikati ya magari. Hadi mwaka 1927 zilikuwa zimetengenezwa Model T zipatazo 15,000,000, na viwanda vingine vya Marekani vilikuwa vimekwisha kufuata mfano huo. Uingereza nayo ilifuata hoja ile ile kwa kuigeuza, ikaweka usukani kuume.

Nchi hizo mbili zilitofautiana pia katika injini, na hilo lilitugusa sisi wa Afrika ya Mashariki zaidi kuliko watu wanavyokumbuka. Tangu mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya motakaa ya pauni moja kwa mwaka kwa kila nguvu moja ya farasi, na nguvu hiyo ilihesabiwa kwa kupima upana wa silinda za injini. Mwingereza akajenga injini zenye silinda nyembamba ili kodi iwe ndogo, na motakaa zake zikawa ndogo, nyepesi na za chini, zilizofaa barabara zake fupi zilizotengenezwa vizuri. Kodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1947. Marekani haikuwa na kodi kama hiyo, mafuta yake yalikuwa rahisi, na barabara za mashambani zilikuwa matope matupu. Motakaa za huko zilikuwa na injini kubwa, nazo zilikaa juu, mbali na mawe na mashina ya miti. Sasa niambie, ni ipi iliyofaa njia za Kenya ya miaka ya 1920? Walowezi Waingereza, pamoja na majivuno yao yote juu ya nchi yao, walinunua Ford na Chevrolet, wakazitengenezea miili ya mbao kama masanduku, wakapakia mizigo, mbwa na bunduki. Na kwa kuwa sheria ya koloni ilikuwa ya Kiingereza, magari hayo ya Kimarekani yalihitaji usukani wa kuume. Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ndiyo iliyopewa haki ya kuuza katika nchi za himaya ya Uingereza nje ya Uingereza kwenyewe, nayo ilitengeneza magari yenye usukani upande huo. Tulipata, kwa hiyo, mwili wa Kimarekani wenye adabu za Kiingereza.

Huko Isiolo hali ilikuwa ya namna yake. Kwa sheria ya mwaka 1902, iliyozidishwa makali na nyingine ya mwaka 1934, nchi ya kaskazini ilihesabiwa kuwa imefungwa: mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila cheti cha serikali. Isiolo ukawa mlango wa nchi hiyo, na palikuwa na kizuizi barabarani ambapo kila gari lilisimamishwa. Lami iliishia hapo kwa miaka mingi hata baada ya uhuru. Ndiyo sababu wasafiri wa kaskazini, wakielekea Nanyuki na Nairobi, walizoea kusema kwamba wanakwenda Kenya, kana kwamba mahali walipotoka palikuwa nchi nyingine. Neno hilo halijafa bado. Kaskazini ya kizuizi, barabara ilikuwa mifereji miwili ya magurudumu katika mchanga, na dereva alishika si kushoto wala kuume bali pale palipopitika. Ngamia wa Warendille na wa Wagabra hawakuwa na upande.

Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoleta magari mengi. Italia, iliyokuwa imeiteka Ethiopia mwaka 1936, iliingia vitani mwezi wa Juni 1940, na mwezi wa Julai askari wa King's African Rifles walilazimika kuiacha ngome ya Moyale. Mipango ya kulipiza ilipopangwa, malori yalipita kwa wingi kuelekea kaskazini yakiwa yamechukua maji, petroli na askari wa Afrika ya Kusini na wa Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Februari 1941 Moyale ilirudi mikononi mwa majeshi ya Uingereza na wenzake.

Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa Winston Churchill, na hapo kuna kisa kinachohusu sana maneno yetu. Churchill alikuwa ameitembelea Kenya na Uganda mwaka 1907, alipokuwa naibu wa waziri wa makoloni. Miaka mingi baadaye, usiku wa tarehe 13 Desemba 1931, alikuwa New York. Alishuka kutoka katika teksi katikati ya barabara ya Fifth Avenue, akataka kuvuka nusu iliyobaki. Hapo tafakari, msomaji: katika nchi ya kushika kushoto, kama Uingereza au Kenya, mtu aliyefika katikati ya barabara hutazama kushoto kwake, maana magari ya nusu ya pili hutoka huko. Churchill akatazama kushoto kama alivyozoea, akaziona taa za gari zikiwa mbali, akajiona salama, akatoka. Lakini alikuwa Marekani. Gari lililomgonga lilitoka kuume. Alilazwa hospitalini akiwa na majeraha ya kichwa na ya mwili, na mwenyewe aliandika baadaye kwamba ni mazoea ndiyo yaliyomhadaa. Mtu yule alikuwa na miaka 57, msomi, askari wa zamani, mzoefu wa hatari za kila namna. Akili yake yote haikumfaa kitu kwa dakika moja, kwa sababu shingo yake ilikuwa imefundishwa kugeuka upande mwingine.

Mtoto wa Moyale avukaye mpaka kumwona shangazi yake huhitaji kuzifundisha shingo mbili. Shuleni kwake, upande wa Kenya, amefundishwa atazame kuume kwanza, kisha kushoto, kisha kuume tena. Upande wa pili mafundisho hayo hayo, akiyafuata kwa uaminifu, yanamtazamisha mahali ambapo gari halitoki.

Wengi hudhani kwamba mkasa huu nao ni urithi wa wakoloni. Mpaka ni urithi wao, hilo ni kweli: ulikubaliwa mwaka 1907 kati ya Uingereza na serikali ya Mfalme Menelik wa Pili, nao ukawakata Waborana vipande viwili bila kuwauliza. Lakini habari ya kushoto na kuume ni nyingine. Ethiopia nayo ilikuwa ikishika kushoto. Ni mwaka 1964, ambapo Kenya ilikuwa imekwisha kupata uhuru wake, ndipo Ethiopia ilipohamia kuume, na hakuna mtawala wa kigeni aliyeiamuru. Kwa bahati mbaya au nzuri, ni madereva wachache waliokuwa njiani kuyaona mageuzi hayo, kwa kuwa wakati huo huo kaskazini ya Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa mwisho wa mwaka 1963, vita ambavyo serikali iliviita vya shifta. Hata baada ya vita hivyo, kwa miaka mingi magari yaliyotoka Isiolo yalikwenda kwa msafara, polisi wenye bunduki wakiwa pamoja nayo.

Mageuzi kama yale ya Ethiopia yalikuwa ya kawaida katika miaka hiyo. Mashuhuri kuliko yote ni ya Sweden. Mwaka 1955 wananchi wa Sweden waliulizwa kwa kura kama wanataka kuacha kushoto, na zaidi ya watu 80 katika kila 100 waliopiga kura walikataa. Serikali yao ikahamia kuume hata hivyo, alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Septemba 1967, kwa kuwa majirani walishika kuume na hata magari ya Sweden yenyewe yalikuwa na usukani kushoto. Katika Afrika, nchi zilizotawaliwa na Uingereza lakini zilizozungukwa na zile zilizotawaliwa na Ufaransa ziliona taabu ile ile mipakani mwao: Nigeria ikahama mwaka 1972, Ghana mwaka 1974. Sudan ilihama mwaka 1973, na hiyo ndiyo sababu Sudan ya Kusini, ilipopata uhuru wake mwaka 2011, ilizaliwa ikiwa tayari kuume, ingawa jirani zake Uganda na Kenya ni wa kushoto.

Msumbiji ni kinyume cha hao. Ureno, iliyoitawala, ilihamia kuume mwaka 1928, lakini Msumbiji ilibaki kushoto kwa kuwa imepakana na Afrika ya Kusini, Rhodesia na Tanganyika, na biashara yake ilikuwa nao. Kwa barabara, jirani ana nguvu kuliko mtawala.

Nadhani mfano mkali kuliko yote uko karibu nasi zaidi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa milki moja ya Wajerumani. Vita vilipokwisha, Uingereza ilipewa Tanganyika, na Ubelgiji ikapewa zile mbili. Siku hizo motakaa zilikuwa chache hata mtu aliweza kuzihesabu, na hapana aliyejali zipite wapi. Leo dereva wa lori atokaye Dar es Salaam hufika darajani Rusumo, juu ya maporomoko ya mto Kagera, akiwa kushoto, akaingia Rwanda akiwa kuume. Mstari uliochorwa mezani Ulaya umekuwa mstari wa rangi uliochorwa juu ya lami.

Na lugha yetu? Sikiliza dereva yeyote wa Isiolo akizungumza na fundi wake, utajua aliyetufundisha motakaa alikuwa nani. Twasema lori, petroli, tairi, buti na boneti. Yote ni maneno ya Mwingereza. Mmarekani huyaita karibu yote kwa majina mengine, naye akisikia kwamba mzigo uko katika buti atadhani umefichwa katika kiatu. Lakini neno linalonifurahisha kuliko yote ni kipilefti. Ndilo jina la ile njia ya mviringo ambapo barabara kadhaa hukutana. Wazee wetu waliona kibao pale kilichoandikwa kwa Kiingereza agizo la kushika kushoto, wakalichukua agizo lenyewe wakalifanya jina la mahali. Mswahili aendaye Addis Ababa hukuta vipilefti vingi, na katika kila kimoja humpasa kuzunguka kwa kuume.

Nchi hizo mbili hazifanani hata katika namna ya kukata mashauri penye njia panda. Mwingereza anapenda kipilefti, ambapo kila mtu humpisha yule aliyekwisha kuingia, bila taa na bila askari. Mmarekani amependa zaidi taa, au vibao vinne vya kusimama, ambapo aliyefika kwanza ndiye aendaye kwanza, na katika majimbo mengi huruhusu dereva kukata kuume hata taa ikiwa nyekundu, maadamu njia ni nyeupe. Gari la Marekani aghalabu hubadilisha gia lenyewe. Mwingereza kwa muda mrefu alitaka kuzibadilisha kwa mkono wake. Mtoto wa Marekani huweza kupata leseni akiwa na miaka 16 katika majimbo mengi, wa Uingereza husubiri mpaka 17, na wa Kenya hasubiri pungufu ya 18 kwa motakaa. Jambo la kuchekesha ni kwamba mataifa haya yasiyokubaliana juu ya upande yamekubaliana juu ya maili, wakati sisi tuliofundishwa nao tumekwisha kuiacha na twahesabu kwa kilomita.

Turudi Moyale tuone hasa jambo lenyewe linavyokuwa. Barabara ya lami kutoka Isiolo ilikuwa imekamilika kufikia mwaka 2017, na mwezi wa Desemba 2020 viongozi wa Kenya na Ethiopia walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani. Njia hii ni kipande cha ile barabara kuu iliyokusudiwa kuunganisha Cairo na Cape Town. Zamani safari ya Isiolo mpaka Moyale iliweza kuchukua siku mbili au zaidi, na gari lilikwenda pole pole kwa sababu ya mawe. Sasa ni safari ya saa chache, kwa mwendo wa kasi. Kosa la upande ambalo zamani lingewafanya madereva wawili wasimame wacheke, leo halina nafasi ya kicheko.

Fikiri lori la Kenya linaloingia Ethiopia. Usukani wake uko kuume. Kenya hairuhusu kuandikishwa kwa magari yenye usukani kushoto, ila machache ya kazi maalumu kama ya wagonjwa na ya zimamoto. Nyumbani dereva huyu aliketi karibu na mstari wa katikati, na akitaka kulipita lori lililo mbele aliweza kuchungulia kidogo tu akaona kama njia ni tupu. Sasa ameketi penye ukingo, jirani na majani. Ili aone mbele ya lori lile hana budi kulitoa gari lake karibu lote katika njia ya wanaomjia. Tena taa zake zimetengenezwa ili zikiinamishwa usiku zimulike zaidi ukingo wa kushoto na zisimwumize macho anayemkabili. Akishika kuume, mwanga huo unaokwenda kushoto unaingia moja kwa moja machoni mwa wenzake. Na basi la abiria lina shida yake ya peke yake: mlango uko kushoto, kwa hiyo likisimama huko huwashusha kina mama na watoto katikati ya barabara. Dereva wa Ethiopia ajaye Isiolo huyapata yote hayo kwa kinyume. Ndiyo maana utaona nyuma ya malori mengine maandishi ya kuwaonya wafuatao kwamba usukani uko kushoto.

Je, si afadhali sote tuhame tuwe upande mmoja? Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ina nchi nane tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024. Kenya, Uganda na Tanzania hushika kushoto. Rwanda, Burundi, Sudan ya Kusini, Kongo na Somalia hushika kuume. Kwa kuhesabu bendera, kuume kumeshinda watano kwa watatu. Lakini hesabu ya bendera si hesabu ya magari, wala ya fedha. Motakaa nyingi za watu wa kawaida katika Kenya zimetumiwa kwanza Japani, kisha zikashushwa Mombasa. Na Japani, ijapokuwa haikutawaliwa na Uingereza, hushika kushoto. Nchi ya Samoa iliona faida ya jambo hilo. Ilikuwa ikishika kuume, na mwezi wa Septemba 2009 ikahamia kushoto, ili watu wake wapate magari ya bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Okinawa nayo, iliyowekwa kuume wakati wa utawala wa Marekani, ilirudishwa kushoto tarehe 30 Julai 1978, miaka sita baada ya kurudishiwa Japani.

Kwa maoni yangu, Kenya haitahama upesi, wala sioni kuwa ni lazima. Nchi ilihama kwa urahisi ilipokuwa na magari machache, kama Ethiopia ya mwaka 1964. Leo ingebidi kugeuza kila taa ya njia panda, kila kituo cha basi, kila mlango wa matatu na kila shingo ya mtoto wa shule, katika usiku mmoja. Kilicho rahisi zaidi, na ambacho kingeanza kesho, ni kuwafundisha madereva na watoto wa miji ya mpakani pande zote mbili. Mwanafunzi wa udereva nchini Kenya hujifunza kwa kusukuma vigari vidogo juu ya bao lililochorwa mji mzima, na mtahini humwuliza apite wapi. Bao hilo lina kushoto peke yake. Hapana linalozuia kulitengeneza jingine kwa ajili ya wale watakaovuka mpaka.

Mpaka hapo litakapopatikana, kazi hiyo hufanywa na tanboi. Kutoka Mombasa hata Isiolo, na kutoka Isiolo hata Moyale, yeye hukaa kiti cha kushoto, kazi yake ikiwa mizigo, tairi na chai. Wakiisha kuvuka tu, kiti chake ndicho kilicho karibu na mstari wa katikati, na macho yake ndiyo yanayoiona barabara. Dereva humwuliza kama njia iko wazi, naye hutoa kichwa dirishani, hutazama, kisha husema twende au ngoja.